Unamaliza masomo ya kuchora? Anza kazi mbele ya diploma



Mwezi wa kumi na mbili uliopita tulikusanyika nyumbani kwa mama mkubwa, hapa Butembo, kwa sherehe ya familia. Baba mdogo mmoja, mfanyabiashara, mtu wa kontena na magazini, alikuwa anauliza watoto mmoja mmoja wanasoma nini. Huyu udaktari: sawa. Huyu sheria: sawa. Akafika kwa mudogo wangu, binti wa mama mdogo, aliye mwaka wa mwisho. "Ninasoma kuchora, papa." Baba mdogo akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kuchora ni muzuri. Lakini kazi, unasoma kazi gani?"

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, lakini usiku, tulipokuwa tunaosha sahani, aliniambia: "Yaya, miye sikuwa na jibu."

Mimi nilisoma agronomi. Sijui kuchora ata kuku. Lakini hiyo swali ya baba mdogo ninaweza kuijibu kuliko mudogo wangu mwenyewe, juu miye nilishakuwa mteja wake. Na kazi ya kwanza niliyomupa karibu iharibu mashamba ya watu.

Munajua ugonjwa wa migomba unaoitwa wilt. Majani yanakuwa manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati wake, ukizipasua ndani ni kahawia, ukikata shina linatoa maji mazito ya manjano. Ni bakteria. Mu Nord-Kivu ulionekana Masisi mwaka 2001, na leo hakuna mkulima wa kwetu asiyeujua. Dawa ya kupuliza haiko. Kuko tabia tu: kung'oa shina lenye ugonjwa, kusafisha panga kwa moto ao kwa javel kila unapotoka kwa mgomba mmoja kwenda kwa mwingine, na kuondoa lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, juu wadudu wanaolitembelea njo wanaobeba bakteria. Na lile ua haulikati kwa panga. Unalivunja kwa kijiti chenye panda, unalizungusha mpaka linakatika. Panga linabeba maji ya mgomba mgonjwa na kuyapeleka kwa muzima, kijiti unakitupa.

Nilihitaji kartasi moja ya mapicha sita kwa kikundi cha wakulima upande wa Beni. Nikamwandikia mudogo kwa WhatsApp: "Unichoree mkulima anaondoa ua la mgomba." Siku mbili, picha ikafika. Wallahi ilikuwa nzuri. Mgomba wenyewe, majani yaliyopasuka na upepo kama ya kwetu, mama mwenye kitenge, mikono yake ukiiona unajua imelima. Na mu ule mkono, panga.

Sikuona. Miye agronomi, nilitazama uzuri na sikuona panga. Tulipoonyesha kwa wakulima, nikauliza kama wameelewa, wote "ndiyo, tumeelewa". Mama mmoja njo aliyesema: "Kumbe ua tukate na panga. Sisi bale ba mbele walitudanganya na kijiti." Tulikuwa na kopi ishirini tu, za kujaribu. Tulizirudisha zote, moja moja, ata ile iliyokuwa imeshabandikwa kwa mlango wa jiko.

Nani alikosa? Miye nilikosa kwanza, juu nilimuagiza kwa sentensi moja. Lakini yeye pia hakuuliza: anaondoa kwa nini? Ule mwaka wote shuleni alikuwa amefundishwa kushika kalamu, mwanga, kivuli, mifupa ya mwili. Hayo yote ni ya lazima na yalionekana mu picha. Ile ya kuuliza maswali kumi mbele ya kuchora mstari wa kwanza, hiyo inafundishwa na mteja, na masikitiko kidogo.

Sasa nirudi kwa baba mdogo. Kazi gani? Kazi ni kueleza kwa picha. Mu Butembo na Beni hakuna nyumba za maonyesho ambako tajiri anaingia kununua mchoro wa ukuta kila juma. Anayengojea huyo tajiri atangojea sana. Lakini kuko watu wengi wenye kintu cha kueleza kwa watu wasiosoma Kifaransa, ao wasiosoma kabisa: hospitali, ONG, vyama vya wakulima wa kakao na kahawa, mashule, maparokia, radio zinazotaka bango. Hao wote wanalipa mtu. Swali ni kama watamulipa mtoto wa hapa, ao watachukua picha kwa intaneti.

Tukumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kule Mangina, na ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu zaidi ya 2,200. Ile miaka miwili mu Beni na Butembo tuliishi kati ya mapicha: kwa mlango wa benki, kwa soko, kwa kanisa, mu mikono ya ma-RECO. Nyingi zilisaidia. Lakini ninakumbuka moja juu ya mazishi: watu wane wenye nguo nyeupe, sura hazionekani, wamebeba mfuko. Njo hayo tu. Hakuna baba, hakuna mama, hakuna msalaba, hakuna mtu anayelia. Mu mtaa wetu watu waliitazama na kusema: "Muona, wanazika mutu kama imbwa." Wakati mazishi yenyewe, namna yalivyopangwa, familia iliruhusiwa kusimama kwa umbali na kuomba. Ile picha haikudanganya juu ya ugonjwa. Ilisahau familia. Mchoraji aliyekulia hapa, aliyeshazika mtu hapa, hangesahau.

Hiyo njo mali ya mudogo wangu, na ya wewe unayesoma kuchora. Anajua nyumba zetu zinavyojengwa, mama anavyofunga mtoto mgongoni, namna mzee anavyokaa wakati amekasirika. Mchoraji wa mbali atachora vizuri kumushinda. Hatachora kwetu.

Wakubwa waliotangulia nao walipita njia ya kazi za kuagizwa. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, mu miaka ya 1980 alichora vitabu vya kufundisha watu juu ya mazingira, muda mrefu mbele ya kuchapwa Ulaya. "Madame Livingstone", aliyotoa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie mwaka 2014, inatokea huku kwetu mashariki, kwa ziwa Tanganyika, wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Pat Masioni, aliyesoma Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, alichora vitabu vya dini kwa wachapishaji wa Saint-Paul kule Kinshasa. Baadaye njo akachora "Rwanda 1994", na kisha namba za "Unknown Soldier" kwa Vertigo ya Marekani, hadithi inayotokea Uganda Kaskazini. Papa Mfumu'Eto yeye hakungojea mtu: tangu 1990 alichora, akachapa mwenyewe kwa Lingala kwa kartasi ya bei ya chini, na ikauzwa barabarani Kinshasa. Na Kash, aliyechora vibonzo mu gazeti Le Potentiel: jina lake kamili ni Muhindo Thembo Kashauri. Kwetu Wanande hayo majina hayaombi maelezo.

(Hiyo Académie, kwa wale wasiojua, ilianza 1943 kule Gombe-Matadi, mu Kongo-Central, kwa mkono wa Frère Marc-Stanislas Wallenda, ikahamia Kinshasa 1949. Kwa mtoto wa Butembo ni ndege, si barabara. Wengine wanavuka Kasindi na kwenda kusoma sanaa Kampala, ambako Makerere iko na shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell tangu miaka ya 1930.)

Basi mwaka wa mwisho, ufanye nini? Nitasema ile tuliyofanya na mudogo, na tulikokosea.

Kwanza dosie ya kazi. Yeye alikuwa na dosie ya picha thelathini: sura za watu mashuhuri, simba, mama anayelia, tena simba. Nzuri zote. Nikamuuliza: "Docta wa zone de santé akifungua hii, ataona kazi gani anaweza kukupa?" Akakaa kimya. Tuliondoa ishirini na mbili. (Simba mmoja alibakia, alikataa kabisa.) Mahali pake akaweka kazi za namna ingine. Mtu yule yule amechorwa mara nane, mbele, upande, mgongo, ameinama, amekaa, na bado unamutambua. Juu mu kitabu cha mapicha mama wa ukurasa wa kwanza akibadilisha sura kwa ukurasa wa tatu, msomaji anafikiri ni mama mwingine. Kazi yenye hatua: namna ya kuchachusha kakao mu sanduku la mbao, siku kwa siku, kufunika majani ya migomba, kugeuza, kuanika. Kintu kimoja kilichopasuliwa kuonyesha ndani: punje ya kakao iliyochacha vizuri na isiyochacha, pembeni kwa pembeni. Na ukurasa mmoja unaoonyesha kazi ilivyotembea, tangu mchoro wa kalamu mpaka mwisho, pamoja na kosa lililorekebishwa. Ule wa panga na kijiti njo uko pale. Hakutaka kuuweka, aliona haya. Nikamwambia mteja mwenye akili ataajiri juu ya ule ukurasa kuliko mingine yote.

Kisha mtihani wa fotokopi. Hii hakuna aliyenifundisha, niliijifunza mashambani. Picha yako ya rangi, ata kama ilichapwa kwa kartasi ya kung'aa, siku moja itafika kwa mtu wa fotokopi karibu na soko, na kopi itafanyiwa kopi. Rangi ya kijivu inakuwa nyeusi. Vivuli vyote vinakula sura ya mtu. Ngozi yetu, ukiichora kwa kivuli kizito, kwa kopi ya tatu mtu hana tena macho. Kwa hiyo kila kazi ya kueleza, uichore kwanza kwa mistari misafi, nyeusi kwa nyeupe, inene kidogo, halafu rangi njo ije juu. Peleka fotokopi mara tatu, kopi ya kopi ya kopi. Kama kijiti kinaonekana bado kuwa kijiti, picha iko tayari.

Tatu, kujaribisha kwa watu. Musiulize kamwe "mumeelewa?". Kwetu mgeni akiuliza hivyo, heshima inajibu "ndiyo". Ficha maneno yote, onyesha picha, uliza: "Unaona nini hapa? Huyu anafanya nini? Baada ya hapo anafanya nini?" Halafu unyamaze na uandike. Mudogo alikuja likizo ya Pasaka, tukaenda naye. Mishale yake, mzee mmoja aliiona kuwa mikuki. Mdudu aliyemkuza ukubwa wa mkono, watu walisema: "Huyu kwetu haiko, wa kwetu ni kidogo." Tukamuchora mara mbili, ukubwa wake wa kweli juu ya kidole, na pembeni yake mkubwa mu duara. Alama ya msalaba mwekundu juu ya tendo baya, mama mmoja aliona ni ya hospitali, Croix-Rouge. Afazali kuchora ubaya na matokeo yake: panga, kisha mgomba umekufa. Siku moja ya hivyo ilimufundisha kuliko maneno yangu yote, na ilitugharimu motari mbili na soda tano.

Mambo ya mashini nitapita haraka. Programu za bure ziko, Krita ya kuchora na Inkscape ya mistari. Usikose kazi juu hauna programu ya kulipia. Chora kwa nukta 300 kwa inchi, maana yake kwa A4 ni piksele 2,480 kwa 3,508. Picha ya WhatsApp haiwezi kuchapwa, WhatsApp inaikamua, uitume kama dokimenti. Acha milimita 3 pembeni za kukatwa. Uliza imprimeri rangi zao mbele, juu ile bluu ya skrini haitatoka vile kwa kartasi. Weka kazi pahali mbili tofauti. Munajua umeme wetu.

Na ile akili bandia? Niliijaribu, nisiwafiche. Niliomba mkulima wa Kongo anaondoa ua la mgomba kwa kijiti chenye panda. Ikanipa mtu anayetabasamu, mgomba una nazi, na mkononi panga.

Sasa feza. Hapa njo kuko machozi.

Mwaka wake wa pili, mudogo alichorea shirika moja mapicha kumi na mawili. Walisema ni kwa mafunzo ya siku tatu. Wakamulipa kidogo, bila kartasi yoyote, "tutaendelea kushirikiana". Mwaka uliofuata aliziona zimechapwa kitabu kizima, kwa lugha tatu, jina lake haliko. Alipoandika, walimujibu kwa upole sana kwamba walishalipa. Na kweli walilipa. Walilipa nini? Hakuna aliyeandika.

Kongo iko na sheria. Ni ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, juu ya haki za watunzi. Inatenga mambo mawili: haki ya mtunzi juu ya kazi kuwa yake, jina lake, ambayo haiuzwi, na haki ya kuitumia kwa feza, ambayo unaweza kuitoa yote ao kipande. SOCODA njo shirika linalosimamia haki za watunzi mu inchi. Lakini tuseme ukweli, toka Beni hautapanda ndege kushitaki juu ya mapicha kumi na mawili. Kinga yako ni kartasi moja, mbele ya kuanza. Mudogo sasa iko nayo, ukurasa mmoja: mapicha ngapi na ukubwa gani, ya kutumiwa wapi, kwa lugha gani, kwa muda gani, mteja anaweza kuomba marekebisho mara mbili, ya tatu inalipwa, jina la mchoraji litaonekana wapi, nani atakagua ukweli wa mambo (agronomi, docta) na kusaini mchoro wa kalamu mbele ya wino kuwekwa, avansi nusu. Ile ya kukagua tuliiweka juu ya panga. Mteja akisaini mchoro wenye kosa, kosa ni la wote wawili.

Bei, watoto wa sanaa wanaogopa kuitaja. Hesabu siku, usihesabu picha. Tuseme mapicha kumi na mawili, siku moja na nusu kila moja: siku 18. Ongeza siku 3 za kujaribisha, siku 4 za kurekebisha: 25. Kama siku yako, na chakula, nyumba, umeme na credit, unaihesabu dola 15, iko dola 375 mbele ya kartasi, wino na safari. Mteja akisema hana, punguza mapicha ao punguza matumizi: "kwa hiyo bei mutachapa kwa Kiswahili tu, mwaka mmoja." Usipunguze siku. Siku ukiipunguza mara moja, hairudi tena.

Sasa ninawageukia ninyi wenzangu, wa agronomi, wa udaktari, wa nursing, mulio UCG, mulio Beni. Kila mwaka tunaandika ma-TFC na memuari zenye picha tulizotoa Google, mgomba wa Brazil, ini la mtu kutoka kitabu cha Marekani. Picha moja ya kweli ya kazi yako, iliyochorwa na mwanafunzi mwenzako, ukamulipa na kuandika jina lake chini, inamupa ukurasa wa dosie na inakupa wewe kintu ambacho jury haijaona. Miye nilifanya hiyo kwa kuchelewa. Nilikuwa na lisansi mfukoni miaka tatu mbele ya kumuagiza mudogo wangu mstari mmoja.

Yeye atatetea kazi yake ya mwisho mwezi wa saba. Alibadilisha mada: mbele ilikuwa juu ya hadithi za simba, sasa ni kitabu cha mapicha cha kurasa 16 juu ya wilt, bila neno lolote ndani, kilichojaribishwa mu vijiji viwili. Baba mdogo aliomba aone. Alifungua, akageuza kurasa bila kusema, akafika kwa ile ya ua. Akauliza: "Hiki kijiti ni cha nini?" Mudogo akamueleza. Baba mdogo iko na shamba la migomba upande wa Kyondo, sikuwa ninajua kama lilishaanza kunyauka. Akauliza kitabu ni bei gani, na kama akichukua mia moja watamupunguzia.

Mudogo akamuuliza kama ni kwa kuuza ao kwa kugawa, juu bei si moja. Bado wanabishana.